Picha ya Tano

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee mara mbili, kwa sababu ile ya Desemba naona ilipotelea posta, au uliiweka chini ya mto ukailalia. Sisi huku wazima. Wifi yako mgongo unamsumbua lakini mdomo uko imara, anakusalimu, na anasema bado anaikumbuka ile sufuria uliyoondoka nayo. Kazi si haba, wala si nyingi. Siku hizi mtu akitaka bango anakwenda kwa vijana wenye mashine, linachapwa na kutoka kabla hajamaliza soda. Mimi wananiletea yale ambayo mashine haiyawezi: kuta zenye matuta, milango ya bati, na vichwa vya kuchora kwenye mabango ya vinyozi, maana kinyozi wa kweli hataki kichwa cha plastiki.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha. Mpwa wangu alipiga simu juzi (mimi na wewe mambo yetu ni ya barua, simu tumewaachia wenye haraka na wenye misiba) akaniambia, "Mjomba, Mama anachora." Nikamuuliza, anachora nini, mistari ya kukatia nguo? Akasema, "Picha, Mjomba. Watu wanakuja kuziangalia." Nikacheka mpaka wifi yako akatoka jikoni. Dada, wewe? Wewe ambaye shuleni mwalimu alikuambia uchore yai ukachora kiazi? Ng'ombe hazeeki maini, nakubali, lakini mtu akistaafu si lazima afanye fujo.

Usinielewe vibaya, nimefurahi. Mtu akikaa bure magoti yanaganda. Ila kwa kuwa fundi wa ukoo huu ni mimi, niruhusu nikupe mawili matatu. Anza na mistari. Chukua rula, chora mstari, uchore tena, mpaka mkono uache kutetemeka, ndipo ufikirie kuku na miti. Mimi fundi aliyenifundisha alinifanyisha hivyo mwaka mzima kabla hajaniruhusu kugusa rangi, na ndiyo maana jina la utani mlilonipa utotoni limenifaa mpaka leo. Nakutumia brashi yangu moja ya zamani. Imebaki na nywele chache, lakini kwa kujifunzia inatosha.

Na hao watu wanaokuja kuangalia ni akina nani?

Ni mimi mdogo wako,
Rula


2 Machi

Mdogo wangu Rula,

Marahaba, zote mbili. Ile ya Desemba niliipata, ila sikuijibu kwa sababu mikono ilikuwa na rangi. Magoti yananiuma asubuhi, mchana yanasahau. Mpwa wako amepata zamu ya mchana dukani, kwa hiyo tunakunywa chai pamoja kabla hajatoka, kisha nabaki na nyumba peke yangu kama mwenye mali. Mwambie wifi sufuria ipo, imeungua chini, na nilipoichukua ilikuwa tayari imeungua.

Brashi imefika, ahsante. Naitumia kukorogea.

Huku hakuna makuu. Chumba changu kilikuwa na doa. Paa lilivuja, ukuta ukaota doa la kahawia kubwa kuliko sinia. Unanijua, nimefua mashuka ya hospitali tangu nikiwa msichana, damu, dawa, usaha, hakuna doa lililonitoa jasho mara mbili. Hili likanishinda. Nalisugua, nalipaka chokaa, kesho yake linachungulia. Siku moja nikachoka kugombana nalo. Fundi aliyeziba paa alikuwa ameacha makopo yenye rangi chini chini. Nikatazama, nikaona doa lina shingo. Nikaliwekea mdomo, nikaliwekea mkia, likawa kuku anayeatamia. Nikakaa kitandani kumwangalia. Nilikuwa na miaka sitini na moja, Rula, na sikuwa nimewahi kukaa kitandani mchana bila kuumwa.

Ukuta ulipokwisha nikahamia kwenye mashuka. Nilipostaafu wenzangu wa chumba cha kufulia walinipa mzigo wa mashuka yaliyochakaa, wakasema saa ya ukutani utaifanyia nini. Nayatia wanga mzito, nayapiga pasi hadi yanasimama yenyewe, ndipo napaka. Rangi haivuji. Hakuna aliyenifundisha, huo ni udobi tu. Nachora nyumba yetu ya zamani, ile meza, kuku wetu, Mama akiwa jikoni.

Wanaokuja ni majirani, pamoja na mama mmoja wa miwani anayetayarisha maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, huko huko mjini kwenu. Ameomba nne. Nitazituma kwa basi zifike kwako, nawe uzipeleke ukumbini, maana wewe ndiye unayejua vitu hivi vinashikwaje. Usicheke sana. Au cheka, lakini kabla hujazifungua.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amekubali sufuria ibaki huko, ila anasema Mungu anaona. Mvua imenifungia kazi za nje, nimebaki karakanani na vichwa vya vinyozi.

Mzigo ulifika salama. Kondakta alidhani ni mapazia. Nimezitundika kwenye kamba ninayokaushia, nikazitazama kifundi, na nitakuambia kifundi kwa sababu wengine watakudanganya. Meza yako imeinama. Ukiweka sahani pale zote ziko chini, na chai imewamwagikia watu miguuni. Kuku ni mkubwa kuliko mlango, sijui aliingiaje wala atatokaje. Na yule mwanamke wa jikoni, ambaye naona ni Mama, katika picha zote nne ametupa mgongo. Hiyo hila naijua. Kila mwanafunzi ambaye uso umemshinda huugeuza. Usione aibu, uso ni kazi. Mimi mwenyewe nikichora kinyozi anatoka amefanana na shemeji yake.

Sasa sikia kioja. Mwenye bucha alikuja kuchukua bango lake. Herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, ng'ombe pembeni anang'aa manyoya, nimelifanyia kazi karibu wiki. Usione vyaelea, vimeundwa. Akaingia, akasimama mbele ya mashuka yako. Nikamwambia, "Mzee, bango lako hili hapa." Hakugeuka. Akasema, "Kwa bibi yangu kulikuwa na meza hii." Nikamwambia meza ile haiwezi kusimama, itaanguka. Akasema, "Eeh, ndiyo hiyo hiyo." Akafuta macho, akaniaga, akaondoka. Bango akalisahau! Ilibidi nimkimbilie nalo barabarani nimelibeba kichwani.

Roho iliniuma, sikufichi. Mtu mzima na akili zake analizwa na meza iliyoinama, na bango lake lililonyooka analiacha ukutani.

Zako nitazipeleka kabla mwezi haujaisha. Nimeona zikae kwangu kidogo zipigwe na upepo.

Rula


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mpwa wako ana mchumba na anadhani hatujui, siku hizi anapaka mafuta hata viwiko. Mvua imekatika, paa limeshika.

Umenichambua kweli kweli. Nilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mpwa wako kwenye kuku hakujiweza kwa kicheko. Ni kweli hatoki mlangoni. Hata enzi zile hakuwa akitoka, alikuwa analala miguuni mwetu kama mwenye nyumba. Na meza ilikuwa imeinama, Rula, umesahau? Mguu mmoja ulikuwa juu ya kigae, na wewe ndiye uliyekuwa ukikichomoa. Kuhusu Mama sina la kusema.

Pole kwa mwenye bucha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe ukalitembeza bango la watu kichwani mchana kweupe. Nimecheka, nimekuombea, nimecheka tena.

Sasa kuna jambo. Mama wa miwani amempigia mpwa wako kushukuru, amesema picha zote tano zimefika na ni nzuri. Nikamwambia mpwa wako, uliza tena. Akauliza tena. Tano. Mimi nilituma nne, nilizipiga pasi mwenyewe na kuziviringisha mwenyewe. Labda wamekosea. Labda shuka moja lilishikana na jingine, ingawa mashuka yangu hayajawahi kushikana. Wewe uliyezipeleka, unaonaje?

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Utani wako umefika na wifi yako ameusoma, sasa kila nikitoka ananiuliza leo natembeza nini. Kikohozi kilinikamata, kimeniacha.

Kuhusu hesabu, watu wa maonyesho wana mambo mengi vichwani. Watakuwa wamehesabu na shuka la kufungia. Tano au nne, isikunyime usingizi, muhimu zimetundikwa. Nilipita pale Jumamosi, si kwa kuzitafuta, nilikuwa na kazi ya kuandika mlango wa choo hapo hapo maktaba. Watu walikuwa wengi. Wamekubandikia maelezo ukutani: hakufundishwa na mtu, ameanza uzeeni, jicho lake ni safi.

Mimi nimekaa nayasoma na kopo langu mkononi. Nimeandika nusu ya majina ya mji huu, maduka, shule, zahanati, na hakuna mahali nimeandika langu, maana bango ni la mwenye duka. Hakuna aliyewahi kubandika popote kwamba jicho langu ni safi au chafu. Sisemi kwa wivu. Nasema tu.

Rula

Wifi, na mimi naweka neno langu hapa chini kwa kuwa ndimi ninayekwenda posta. Huyu ndugu yako kuna kitu. Mwezi wa nne alishinda karakanani amefunga mlango, nikipita nasikia anagombana na mtu humo ndani, nikichungulia yuko peke yake. Na shuka langu jeupe, lile zuri la wageni, silioni. Na sufuria yangu ya uji, ile iliyobaki, nimeikuta na wanga umekauka. Unajua lolote?


19 Julai

Rula,

Salamu zimfikie wifi. Mpwa wako mzima. Magoti yana nguvu ya kupanda basi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nilikuja. Wiki iliyopita, mimi na mpwa wako, tukafika asubuhi tukarudi jioni, na sikupita kwenu. Usimlaumu mpwa wako, alinisihi sana. Nilimwambia, "Nikimwona mjomba wako kabla sijaiona hiyo picha, nitaamini lolote atakaloniambia."

Zangu wamezitundika pembeni, mbili huku, mbili huku. Ya katikati si yangu. Nilishika pindo lake, mlinzi akafoka, lakini nilikuwa nimeshagusa: wanga una madonge. Mimi singetia wanga wenye madonge hata kwenye pazia la bafuni. Ulijitahidi, Rula. Umekuza kuku, umeinamisha meza, ila imeinama kama mtu anayejifanya amelewa. Hapo ningecheka, nikaja kwako tukanywa chai, nikakuita mwizi, yakaisha.

Lakini Mama ametazama mbele.

Watu wamejazana hapo tu. Mama wa miwani akanishika mkono, akasema hiyo ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote, akaniuliza, "Kwenye nyingine ulitunyima uso wake. Huu uliupataje?" Kulikuwa na watu wengi na mwandishi wa gazeti ameshika kalamu. Nikafungua mdomo niseme si yangu. Nikasema, "Sikumbuki."

Nilisema hivyo kwa wivu. Nimetafuta neno jingine njia nzima ndani ya basi, sikulipata. Ni uso wake hasa, na lile jicho la kushoto lililokuwa likichelewa kufuata la kulia. Nimekaa naye nyumba moja, nimemuuguza, nimemzika, na uso huo sina. Wewe unao. Unao wa kuchezea, wa kuuweka kwenye picha ya dhihaka. Nikataka kwa dakika moja watu wadhani aliyetazamwa hivyo ni mimi.

Ulifanya kwa nini?

Bado dada yako


4 Agosti

Dada,

Shikamoo, ukiipokea. Wifi yako aliisoma barua yako kabla yangu, na tangu siku hiyo nakula chakula baridi. Anasema wewe kupita mji huu ukanywa chai ya kununua, hilo hatanisamehe mimi.

Umeuliza kwa nini. Ni mwenye bucha. Nilitaka ijulikane kwamba mtu yeyote anaweza. Nikasema nitapinda meza, nitakuza kuku, nitaichomeka kati ya zako, wakiisifu nitawacheka mbele yao. Dada, kupinda meza kulinitoa jasho. Mkono wangu haujui. Nikiuachia kidogo unanyooka. Ndio niliokuwa nagombana nao, wifi yako hakusikia vibaya. Nilipofika kwa Mama nilikusudia mgongo kama wako. Nikaanza mabega, nikaanza fundo la kitambaa, mkono ukamgeuza. Uso niliumaliza mchana mmoja sijanywa hata maji, kisha nikakaa chini sakafuni. Sijawahi kuchora kitu kama kile, na najua sitachora tena.

Na sasa kina jina lako.

Gazeti limeitoa, ukurasa mzima, wakaandika chini yake: uso uliochorwa na mikono iliyofua mashuka. Mwenye bucha amelibandika dukani kwake, chini ya bango langu. Ameniuliza, "Dada yako ana kipaji hivi, wewe ulikuwa wapi wakigawa?" Nikachukua nyama yangu ya nusu kilo nikaondoka. Nakuonea wivu, dada, na ninachokuonea wivu ni kazi ya mkono wangu. Sijui kama kuna mwizi mjinga kuliko yule anayevunja nyumba ya mtu ili aingize mali.

Nataka jina langu. Zile nne ni zako, na sifa chukua, na jicho safi chukua. Hiyo moja ni yangu. Nenda ukaseme, la sivyo nitakwenda mimi.

Rula


22 Septemba

Mdogo wangu,

Umengoja, najua. Mpwa wako ameachana na yule mchumba tuliyejifanya hatumjui, sasa tunajifanya hatujui kwamba analia. Wifi mwambie chai ile ya kununua ilikuwa maji ya moto yenye sukari, nami niliistahili.

Nimesema. Nilimpigia mama wa miwani kwa simu, mimi mwenyewe. Nikamwambia ya katikati ni ya mdogo wangu, mwandika mabango, na niliposema sikumbuki nilidanganya. Akauliza kama umesomea kazi hiyo. Nikamwambia amekulia ndani yake. Akasema, "Ahaa." Kesho yake wakaitoa. Maonyesho, anasema, ni ya watu wasiofundishwa, na isitoshe ameitazama tena na sasa anaona ina ufundi mwingi mno. Uso ni ule ule! Mwezi wa saba waliulilia. Nilimwambia hivyo hivyo, akaniomba nisikasirike. Nilikasirika. Ilinijia kumwambia anirudishie na zangu zote nne, na sikumwambia, kwa sababu nazipenda zikiwa pale ukutani watu wakizitazama. Nakueleza hilo ili usije ukanisifu.

Picha watakuletea karakanani.

Nilikuambia kuhusu Mama sina la kusema. Ninalo. Haikuwa hila, Rula. Nikimkumbuka ndivyo anavyonijia. Yuko jikoni anakoroga, amenipa mgongo, anasema, "Mtazame mdogo wako. Mdogo wako amekula? Mpe mdogo wako." Mgongo ule naujua mpaka mshono wa kiraka. Nilipoondoka nikiwa na miaka kumi na saba kwenda kuishi kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hospitali, aliniaga akiwa anakoroga. Nikasema moyoni, haya, baki na Rula wako. Na kila niliporudi kumsalimu, nilimkuta vile vile.

Tangu nilipoiona picha yako nimejaribu kumgeuza. Nimeharibu shuka juu ya shuka. Hageuki. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki mimi dobi nimeshindwa kukifua.

Kwa hiyo kaa nayo. Mama alikuwa wako na uso ni wako. Sitauomba.

Dada yako


15 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu. Amelipata shuka lake na amekasirika upya, maana halilaliki tena. Mwambie mpwa wangu aje huku apumzike, mjomba wake ana milango mingi ya kupaka na haulizi mtu kwa nini macho mekundu.

Imerudi. Jamaa wa ukumbini aliileta kwa baiskeli imekunjwa kama shati la dukani, wanga umevunjika katikati. Nikaitundika. Mwenye bucha akapita, akaitazama, nikamwambia hii nimechora mimi. Akasema, "Umemwiga dada yako vizuri sana." Nikamwacha aende.

Sasa kaa chini ndipo usome. Unasema Mama alikuwa wangu. Ulipoondoka mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Mama aligeuka siku hiyo hiyo. Alihamisha kigoda akakiweka kielekee mlangoni, na akimaliza ya jikoni anakaa hapo anatazama nje, kwa sababu ulisema utakuja ukipata mapumziko na hukusema lini. Mimi nilikaa sakafuni mbele yake nachora. Ndipo nilipoanza, hukuwa ukijua? Nilichora kuku, nikachora jirani, nikachora mistari. Nikimwinulia karatasi anasema, "Nzuri, mwanangu," na macho yamepita juu ya kichwa changu. Nikadhani labda haijanyooka vya kutosha. Nimenyoosha mpaka leo.

Na ulipokuwa ukitokea kona ya mtaa, anaruka kutoka pale kigodani, mbio jikoni kuwasha moto akupikie. Wewe ukiingia unamkuta amekupa mgongo. Mimi nilikuwa namwona. Ningeweza kukuambia siku yoyote katika miaka yote hii. Sikukuambia, kwa sababu ulikuwa na kila kitu na hujui, na mimi nilichokuwa nacho ni huko kutojua kwako.

Uso ule niliupata vizuri hivyo kwa kuwa nilikuwa na muda wote wa kuujifunza. Haukuwa ukinitazama mimi. Jicho la kushoto linachelewa kwa sababu bado liko njiani. Nilipokuwa nauchora nilijua vizuri anamtazama nani, nikauchora kwa hasira, na ndiyo sababu ukatoka hai.

Wifi yako ameitia wanga upya na kuipiga pasi, imeviringishwa kwenye bomba, itafika na basi la Alhamisi. Tafuta ukuta mbele yake pawe na nafasi ya kusimama. Mimi nimesimama kila pembe ya karakana hii, na kila pembe macho ya Mama yananipita.

Mdogo wako, mwenye wivu hata sasa,
Rula